Wiki sita za kwanza kwenye laini ya magari: kwa ndugu anayeanza kazi Kentucky

Hongera kwa kupata kazi. Kama umepangiwa kiwanda cha magari hapa Kentucky, umeingia mahali ambapo wenzako wamekutangulia. Ford ina viwanda viwili Louisville, Toyota iko Georgetown, mwendo mfupi kutoka Lexington, na Corvette zinaundwa Bowling Green. Ni miji hiyo hiyo ambayo Wakongomani wengi wamehamia, pamoja na Warundi, Watanzania na Wakenya. Wakati wa mapumziko unaweza kusikia Kiswahili cha Bukavu meza hii na cha Kigoma meza ile. Mimi nilianza katika kiwanda kimoja cha ukanda huu, sitakitaja, na haya ndiyo ninayotamani ningeambiwa kabla ya siku ya kwanza.

Kazi yangu ilikuwa kuziba matundu ya sakafu ya gari kwa vizibo vya mpira. Kizibo chenyewe ni kidogo kama kifuniko cha chupa ya soda. Unakiweka kwenye tundu, unakikandamiza kwa dole gumba mpaka kilie "tak", unahamia kingine. Sita kwa kila gari. Nilipoonyeshwa niliona ni kazi ya mtoto. Lakini laini, yaani mstari unaosogeza magari kutoka kituo hadi kituo yakiundwa, ikitoa gari moja kwa dakika, zamu ya saa nane ukiondoa mapumziko ni magari zaidi ya 400, yaani dole gumba limekandamiza zaidi ya mara 2,400 kabla hujapanda gari kurudi nyumbani. Siku ya nne asubuhi nilishindwa kufumba kiganja nishike mswaki. Niliusukuma mdomoni kwa mikono miwili.

Basi elewa jambo moja tangu mwanzo: kuna maumivu ya kuzoea na kuna maumivu ya kuumia, na ni lazima ujue kuyatenganisha. Ya kuzoea yanashika mwili mzima. Mapaja, mgongo, nyayo, mabega ya pande zote mbili, na vidole kuwa vizito asubuhi. Ukipumzika siku mbili yanapungua, na kila wiki yanakuwa afadhali kuliko iliyopita. Watu wengi huanza kupata nafuu kati ya wiki ya tatu na ya sita. Ya kuumia hukaa mahali pamoja na kila wiki yanazidi. Kidole kinajifunga na kukataa kunyooka mpaka ukivute kwa mkono mwingine. Ganzi ya dole gumba, kidole cha shahada na cha kati inakuamsha usiku, kwa sababu mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Kikombe kinakuponyoka bila sababu. Ukiona dalili hizo usisubiri mwisho wa wiki.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoumizwa na malezi yetu. Tumelelewa tukiambiwa mvumilivu hula mbivu, na anayelalamika kazini ni mvivu. Mimi nilinyamaza wiki tatu. Nilikuwa kwenye muda wa majaribio, naogopa nisionekane dhaifu, nikawa nameza vidonge vya maumivu kila zamu. Nilipokwenda zahanati ya kiwanda hatimaye, swali la kwanza lilikuwa: ulimwambia nani, na siku gani? Sikuwa na jibu. Miezi kadhaa ikapita katika mabishano kama mkono wangu uliumia pale au kwingine. Kuvumilia kwangu hakukuandikwa popote.

Kwa hiyo, siku maumivu yanapoanza, mwambie kiongozi wa timu siku hiyo hiyo na umwombe aandike. Kama umeajiriwa kupitia wakala, mwambie na wakala pia, maana mara nyingi yeye ndiye mwajiri wako kwenye karatasi, na bima yake ndiyo inayohusika. Weka daftari dogo mfukoni: tarehe, saa, kituo ulichofanyia kazi, kiungo kinachouma, jina la uliyemwambia. Kama Kiingereza bado kinakusumbua, kariri sentensi tatu tu: hapa panauma, palianza nikifanya kazi hii, naomba iandikwe. Hospitali zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Mdai. Usimfanye mtoto wako mkalimani wa jambo zito kama hili.

Sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Mwajiri haruhusiwi kukufukuza au kukuadhibu kwa sababu umeripoti kuumia. Mafunzo ya usalama anatakiwa kuyatoa kwa lugha unayoielewa, na choo ni haki yako, hata kama utalazimika kusubiri dakika chache mtu aje akushikie nafasi. Idara ya usalama kazini, OSHA, inapokea simu kwa namba 1-800-321-6742. Ukiadhibiwa kwa kuripoti, sheria ya shirikisho inakupa siku 30 tu za kulalamika, usizichezee. Kwenye viwanda vya Ford vya Louisville kuna chama cha wafanyakazi, UAW, kwa hiyo mjue mjumbe wako kwa jina. Georgetown hakuna chama, na hapo daftari lako lina uzito mara mbili.

Sasa kamba. Katika viwanda vingi vya kisasa kuna kamba au kitufe juu ya laini, wanaita andoni. Ukipitwa na kazi, ukiona kipande kibovu, au ukishindwa kumaliza, unavuta. Muziki unalia, taa inawaka, kiongozi anakuja. Kama mmemaliza tatizo kabla gari halijavuka mstari wa kituo, laini haisimami kabisa. Wageni wengi wanaogopa kuivuta, wanalikimbilia gari mpaka kituo cha mwenzao, wanagongana naye, na hapo ndipo mtu anapoteguka. Vuta. Kamba imewekwa ivutwe.

Mwendo wenyewe unajifunza kwa macho. Mtazame mkongwe wa kituo chako: anachukua vipande vya gari zima kwa safari moja, anasogeza miguu badala ya kupinda kiuno, na mashine ya kukazia nati anaishika kifundo kikiwa kimenyooka kwa sababu nati ikifika mwisho mashine inarusha mkono. Usigonge kipande kwa kiganja hata kama unaona wote wanagonga. Omba kifaa. Mimi baadaye nilipewa kinga ya dole gumba ambayo ilikuwepo stoo muda wote, hakuna aliyeniambia. Uliza pia kuhusu kubadilishana vituo. Sehemu nyingi watu huzunguka kila saa mbili hivi, ili bega lipumzike wakati miguu inafanya kazi.

Viatu usibanie hela. Kanunue jioni, miguu ikiwa imevimba, uchukue vinavyoacha nafasi kidogo mbele. Nunua jozi mbili uzipokezane, maana kiatu kilicholowa jasho hakikauki kwa usiku mmoja. Pete, saa na bangili acha nyumbani: zinakwaruza rangi ya gari, na pete ikinaswa inaondoka na kidole. Dada anayevaa hijabu, ncha zote ziingie ndani ya shati. Na kama imani yako haikuruhusu kuvaa suruali, liseme kwa wakala kabla ya kusaini, siyo asubuhi ya kwanza mlangoni. Sheria inamtaka mwajiri atafute njia ya kukuwezesha pale inapowezekana bila hatari, lakini mazungumzo hayo yanahitaji muda.

Chakula: ugali wa kushiba kabla ya zamu utakulaza umesimama. Kula kidogo mara nyingi. Wali na maharage kwenye chombo, ndizi, mayai ya kuchemsha, na maji tangu asubuhi, siyo pale kiu inapokushika. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni visimezwe tumbo tupu wala kila siku kwa wiki nyingi, vinaharibu tumbo na figo. Nilivyofanya mimi usifanye.

Kuhusu utoro, muda wa majaribio hauna huruma. Kuchelewa mara chache tu kunaweza kukutoa. Kama unategemea gari la mwenzako, uwe na wa pili wa kumpigia.

Usingizi ndio unaopigwa zaidi, na kwetu adui wake ni simu. Zamu ya pili ikiisha saa nane usiku hapa, Dar na Nairobi ni saa tatu asubuhi wakati wa kiangazi, saa nne wakati wa baridi. Ukifika kitandani ndipo nyumbani wanaanza siku: ada ya shule, mgonjwa, mazishi. Nawapenda na najua unawapenda. Lakini mtu aliyelala kwa muda wa saa tatu tu anasimama karibu na roboti akiwa amelewa usingizi. Nilichofanya ni kumpa mama ratiba yangu, nikamwomba awaambie wengine: Jumapili saa mbili usiku kwenu, nipo, tuongee mpaka mchoke. Siku nyingine simu inalala jikoni. Wiki ya kwanza walinuna. Wiki ya tatu mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwakataza wajomba: "Mwacheni alale, mtoto anaamkia magari."