Kumtazama kima punju kwa daftari na saa

Daftari langu la kwanza la kima punju, yule kima mwekundu wa Zanzibar, ukilisoma utadhani wanyama hawa kazi yao ni kugombana tu. Kila ukurasa una kufukuzana, kelele na matawi kukatika. Nililiandika kwenye msitu wa Jozani, Unguja, kwa wiki tatu, na siku niliyokaa kulihesabu nilisikitika. Kima hawakuwa wagomvi. Jicho langu ndilo lililokuwa likikimbilia kelele. Wawili walipozozana, kumi na tano wengine walikuwa wamejilaza kwenye matawi, matumbo yamejaa majani yanayochachuka taratibu, na sikumwandika hata mmoja.

Kwa hiyo kijana anayetaka kujifunza kazi hii namwambia kwanza: amua utamtazama nani, na saa ngapi, kabla hujaingia msituni. Ukimwachia mnyama akuchagulie, atakuchagulia vurugu.

Vifaa ni vichache. Daftari gumu, penseli (wino ukipigwa na mvua ya msituni haubaki), saa yenye mshale wa sekunde, na darubini ukiipata. Siku tatu za mwanzo usiandike mienendo yoyote. Jifunze nyuso. Tafuta sikio lililochanika, ncha ya mkia iliyokatika, kovu, namna rangi ya waridi ilivyokaa puani na midomoni. Kila mmoja mpe herufi na namba. Mimi sipendi majina. Ukishamwita kima "Mkali" utamwona mkali hata akiwa amelala.

Halafu andika orodha ya matendo, na kila tendo lieleze kwa kile macho yanachokiona. "Ana hasira" hapana, kwa sababu hasira huioni. Unachoona ni mdomo umefunguliwa, kichwa kimesukumwa mbele, mwenzake amekimbia. Hata "anakula" inahitaji mpaka. Kima punju hana kidole gumba cha kumfaa, kimebaki kama kinundu. Tawi hulivuta kwa vidole vinne vilivyokunjwa kama ndoana, akalisogeza usoni. Kijana mmoja niliyekuwa naye aliandika "anakula" kila mkono ulipovuta tawi. Tulipotazama pamoja kwa makini, mara nyingi kima alinusa tu, akaliachia likarudi juu. Tukakubaliana: anakula pale chakula kinapopita midomo au taya zinapotafuna. Basi.

Sasa njia zenyewe. Jeanne Altmann, aliyesoma maisha ya nyani wa Amboseli kule Kenya, alichapisha mwaka 1974 makala iliyozipanga njia za kutazama na kuonyesha kila moja inajibu swali gani. Mbili ndizo ninazozitegemea.

Ya kwanza ni kupitisha jicho kundi zima. Kila baada ya dakika 10, anza kushoto uende kulia, na kila kima andika anachofanya sekunde ile ulipomwona. Usingoje afanye jambo la maana. Njia hii ndiyo itakayokuambia siku yao inagawanyika vipi, na hapo utaona jinsi mapumziko yanavyokula saa nyingi. Lakini ifanye asubuhi, mchana na jioni. Ukija alfajiri tu, utawaeleza watu kwamba kima hawaachi kula.

Ya pili ni kumfuata mmoja. Piga kura kwa vikaratasi, atakayetoka ndiye wako kwa dakika 15. Akiingia nyuma ya majani andika "haonekani" na saa iendelee. Usihamie kwa jirani yake aliye wazi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi, maana anayependa kukaa mafichoni huenda ana tabia zake, na wewe umemfuta kwenye hesabu.

Mkiwa wawili, mtazameni kima mmoja bila kuoneshana madaftari, kisha linganisheni. Mkitofautiana sana, rudini kwenye orodha ya matendo. Maelezo yenu hayajakaa sawa.

Na tafadhali, ukiwa na mafua baki nyumbani. Maradhi yetu huwaingia. Usiwape chakula hata ganda la ndizi.

Kwa nini nashikilia hesabu hivi? Wakulima wa jirani na msitu walilalamika kwa miaka kwamba kima wanamaliza minazi, na kweli ukisimama chini ya mnazi utawaona wakila vidaka, yaani nazi changa. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker wakahesabu kinacholiwa na kinachovunwa. Mwaka 1999 walichapisha majibu: palipoliwa vidaka vingi, mavuno hayakuwa madogo, yalikuwa makubwa zaidi. Mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi, na inaelekea kima hufanya kazi ya kuupunguzia mzigo. Jicho peke yake lisingeliona hilo.

Yako matukio yasiyongoja zamu, nayo yaandike pembeni, kwenye ukurasa wake, usiyachanganye na hesabu. Mimi langu ni la mkaa. Alasiri moja, nje ya msitu, jike mwenye mtoto aliyeshikilia manyoya ya tumbo lake alishuka penye tanuri la mkaa lililopoa. Akaokota kipande, akakigeuza, akakitafuna kwa sauti kavu kama ya mtu anayekula kashata. Unga mweusi ukamganda kwenye midomo ya waridi. Mtoto akaunyoosha mkono, akaugusa ule weusi, akajinusa vidole.

Struhsaker na wenzake walieleza mwaka 1997 kwamba mkaa hunasa kemikali kali zilizomo kwenye majani ya miti kama mkungu na mwembe, ambayo kima wa mashambani huyala sana. Kwa hiyo swali la daftari langu halikuwa tena "anakula mkaa?" bali "alikula nini kabla?" Na ukurasa ule haukuwa na jibu, kwa kuwa nilimkuta tayari yuko tanurini.

Niliandika: saa 10:20 alasiri, J4, mkaa, dakika 6, kabla yake haijulikani. Kesho yake nilikuwa chini ya mti aliolala J4 saa 12 kasoro robo asubuhi, kabla hajaamka.