Kurekodi simulizi za Mtunya: mwongozo kwa wanaotengeneza filamu Ugogo

Njaa ya Mtunya, iliyowapiga Wagogo wa Dodoma kati ya 1917 na 1920, haikuletwa na ukame peke yake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Wajerumani, kisha la Waingereza walioingia Dodoma mwaka 1916, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipogoma, maghala yalikuwa yameshakombwa. Filamu inayotaja ukame tu inawasafisha waliochukua.

Vibali: Bodi ya Filamu, halmashauri, mtendaji wa kata, wa kijiji. Ukimruka huyo wa mwisho, mahojiano yanaweza kusimamishwa katikati.

Waliokuwa watu wazima wakati ule wameshafariki. Tafuta wazee wa miaka 80 kwenda juu waliolelewa na bibi au babu, na kwa kila simulizi uliza mbele ya kamera: "Hili ulilisikia kwa nani, mzee?" Bila jibu hilo, ushahidi wako hauna miguu. Usiulize "Wakoloni waliwatesaje?", maana ukimpa mtu jibu atakurudishia hilohilo. Mwombe ataje njaa zote anazozijua kwa mpangilio, ndipo urudi kwenye Mtunya: nani alikuja kuchukua ng'ombe? Wangapi? Zizi lilikuwa wapi? Alilipa? Kosa linalotokea sana ni kuichanganya na njaa za baadaye, kwa hiyo ifunge kwenye vita, vijana waliopelekwa uchukuzi na homa ya mafua ya 1918.

Mwache aongee Kigogo. Mkalimani akae ubavuni mwa kamera, asimkatize. Tafsiri ifanywe baadaye na watu wawili, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, mrudieni mzee.

Upepo wa Dodoma huharibu sauti kuliko kitu kingine chochote. Bana mikrofoni kifuani, kama sentimita 20 chini ya kidevu, uivishe kifuniko cha manyoya. Kaeni upande wa nyumba uliokingwa, mbali na bati linalogonga. Weka kinasa sauti kwenye 48 kHz, kipimo cha sauti kicheze karibu na -12 dB, na mkimaliza chukua sekunde 60 za utulivu wa palepale. Zitaziba mapengo kwenye uhariri. Picha: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa lenzi kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Jua la mchana hufukia macho kwenye kivuli.

Ripoti za wilaya zilizomo Nyaraka za Taifa ziliandikwa na watumishi wa serikali iliyochukua nafaka. Zionyeshe kwenye skrini pamoja na tarehe na cheo cha mwandishi, kisha weka simulizi ya mzee papo hapo.

Kabla ya kufunga uhariri, peleka jenereta, projekta na shuka jeupe kijijini, uwaonyeshe wanakijiji filamu kuanzia saa 2 usiku. Mtu akisema jina la ukoo limekosewa, lisahihishe kabla filamu haijaenda kokote.