Somo: Kugandisha C kwa Deep Freeze bila kupoteza kazi za wateja

Wakuu, simu zinatoka Mwanjelwa, Uyole, mpaka Makambako, na swali ni lile lile: nigandisheje C (sehemu ya diski yenye Windows) kwa Deep Freeze, ile programu inayoirudisha C ilivyokuwa kila ukiwasha mashine, bila mafaili ya wateja kupotea? Naandika mara moja, ukiniuliza tena nakuelekeza hapa. Somo ni la wenye steshenari, intaneti kafe na maabara za shule, yaani mashine ambayo kila mtu anachomeka flashi yake. Kwa laptop yako ya nyumbani usijisumbue.

1. Piga windo (Windows) safi, weka programu na draiva za printa, kisha skani virusi. Ukigandisha C yenye virusi, utarudishiwa virusi hivyo kila ukiwasha.

2. Gawa diski: Windows+X, Disk Management, "Shrink Volume" kwenye C, nafasi iliyopatikana iwe D.

3. Hamishia Desktop, Documents na Downloads kwenye D. Bofya folda kitufe cha kulia, Properties, Location, Move. Hapa msiruke, nawaomba. Folda hizo kwa kawaida zinakaa C hata kama una D ya ukubwa wa uwanja wa Sokoine. Mteja anachapa ripoti ya utafiti mchana kutwa, anasevu Desktop, umeme unakatika, ukirudi kazi haipo. Haiko Recycle Bin, na usitegemee programu ya kufufua mafaili. Ukishahamisha, jaribu: sevu faili Desktop, fungua D ulione. Usipoliona, usiendelee.

4. Endesha Deep Freeze. Ikikuuliza diski za kugandisha, acha tiki kwenye C tu. Toleo la Standard halikuruhusu kubadili baadaye mpaka uiondoe na kuiweka upya.

5. Ikishajizima na kuwaka, utaona dubu karibu na saa. Shikilia Shift, mbofye mara mbili, weka nenosiri. Liandike kwenye daftari.

Ukitaka kuongeza programu, mbofye dubu vilevile, chagua "Boot Thawed" (kuwaka bila kugandishwa), zima na kuwasha (dubu atakuwa na alama nyekundu ya X), fanya kazi yako, kisha rudisha "Boot Frozen" (kuwaka ikiwa imegandishwa), uzime na kuwasha tena.

MASWALI

— Mkuu nimefuata yote ila mafaili ya Desktop yamepotea. Nirudisheje?
Hukufuata yote. Hatua ya 3.

— Kwani wewe hayajawahi kukukuta?
Yalinikuta. Unadhani aya ndefu ile imetoka wapi?

— Naomba kraki, niitumie bila kulipia.
Sina. Jaribio la bure ni siku 30. Kraki yenyewe ndiyo inakuja na virusi unavyovikimbia.

— Samahani kaka, niko Mafinga, nasimamia maabara ya shule. Inawezaje kurudisha C yote kwa muda mfupi vile? Inatunza nakala nzima?
Swali zuri sana dada. Hakuna nakala. C ya asili haiguswi. Kila kinachoandikwa kinaelekezwa pembeni, kwenye nafasi iliyo wazi ya diski. Ukizima na kuwasha, yale ya pembeni yanasahauliwa tu. Ndiyo maana C iachiwe nafasi ya kutosha. Kwa wanafunzi, ongeza nenosiri la BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) na uzuie kuwasha kwa flashi, maana anayewasha mashine kwa flashi anaipita Deep Freeze kabisa.

— Bando linaisha haraka tangu niweke.
Windows inashusha masasisho, unazima, yanafutika, kesho inashusha tena. Simamisha masasisho, uyafanye ukiwa Thawed, siku moja kila mwezi.

— Basi D nayo iko salama?
Hapana. D iko wazi kama zamani: virusi vinaingia, na diski ikifa inakufa na vyote. Nakili kwenye diski ya nje.

— Flashi ya mteja imejaa shotkati tupu, mafaili hayaonekani.
Hiyo ni mada nyingine, ila chukua. Fungua CMD (dirisha la kuandika amri), kama flashi ni E andika: attrib -h -s -r /s /d E:\*.*
Mafaili yatatokea. Usibofye zile shotkati, zifute. Kisha zima na kuwasha mashine kabla mteja mwingine hajakaa.