Sera ya kumpa mgonjwa nakala ya faili yake: mwongozo kutoka dirisha la rekodi

Mzee mmoja alifika dirishani kwetu saa mbili asubuhi, karatasi ya rufaa mkononi. Kesho yake alikuwa na miadi na daktari wa moyo, na huko walimtaka aje na vipimo vyake vyote vya miezi sita. Karani akamjibu, "Faili haitoki, mzee. Ni mali ya hospitali." Mzee akamtazama kidogo, kisha akauliza, "Na moyo ni wa nani, mwanangu?"

Karani yule si mkorofi. Alisema alichofundishwa, na hospitali haikuwa na sera ya kumwambia vingine. Jalada ni la hospitali kweli. Yaliyoandikwa ndani ni habari za mgonjwa, naye ana haki kisheria ya kuyaona na kupewa nakala. Mwongozo huu ni wa wenzangu wa rekodi na wasimamizi wa vituo vya afya hapa Kenya wanaotaka kuandika sera ya ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja nausema kwa makusudi. Niliwahi kuona sera ya kurasa arobaini, imefungiwa kabatini kwa mkubwa, na karani wa dirishani hajawahi hata kuishika.

Hatua ya 1: Chota tarakimu kutoka kwa sheria

Usinakili sheria, hakuna atakayesoma. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari anazozihitaji ili alinde haki zake, hata zikiwa mikononi mwa mtu mwingine. Kazi ya dirishani lakini inaongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni zake za 2021. Humo mna mambo matatu ya kuandika kwa herufi kubwa: mgonjwa huomba kwa fomu DPG 2, hujibiwa ndani ya siku 7, na halipi chochote. Akitaka kosa lirekebishwe, ni siku 14.

Hospitali za umma zina Sheria ya Kupata Habari ya 2016 pia, yenye siku 21, au saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika. Nimesikia wakubwa wakiishika hiyo 21 kwa sababu inawapa nafasi ya kupumua. Mtu anapoomba habari zake mwenyewe, shika 7.

Hatua ya 2: Fuata karatasi inavyotembea leo

Kabla ya kuandika neno, kaa dirishani siku nzima na daftari. Kwetu ombi lilianza na barua, likaenda kwa mkuu wa hospitali likasubiri saini, likapita kwa keshia, ndipo karani akaanza kuitafuta faili. Mkuu akiitwa mkutano wa kaunti, siku tatu zimekwisha na faili bado iko rafuni. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya sera yetu ikawa hii: "Afisa wa rekodi wa zamu ana mamlaka ya kutoa nakala." Mkuu huitwa penye shaka tu. Sentensi hiyo ilitupunguzia siku nyingi kuliko kompyuta mbili tulizoletewa mwaka ule.

Hatua ya 3: Amua nani anapewa

Hapa usiharakishe. Sera inayofungua mlango kwa mgonjwa inaweza kuufungulia jirani yake pia.

Mwenye faili anakuja na kitambulisho, basi. Mtoto anaombewa na mzazi au mlezi. Asiyejiweza kwa ugonjwa wa akili au ulemavu anaombewa na mlezi wake au aliyekabidhiwa mambo yake. Aliyetumwa aje na barua iliyotiwa saini na mgonjwa, pamoja na nakala za vitambulisho vya wote wawili. Haya yote sheria imeyaruhusu.

Taabu iko kwa mume na mke. Atakuja bwana, kavaa vizuri, ana heshima zake, aseme, "Niko hapa kuchukua karatasi za mama watoto." Cheti cha ndoa si ruhusa. Huenda ndani mna matokeo ya kipimo cha virusi vya Ukimwi, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inataka matokeo hayo yabaki siri ya aliyepimwa. Mpe karani maneno ya kusema, yaandike ndani ya sera yenyewe: "Tutazitoa kwake mwenyewe au kwa barua yake, baba. Hata zako hatungempa mtu bila wewe." Karani asiye na maneno tayari ama atafoka ama atalegea.

Kisha majina. Pwani hii Fatuma Ali wanaweza kuwa watano kwenye rafu moja. Linganisha vitu vitatu: majina kamili, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya mgonjwa. Halafu, na hili wengi huliruka, fungua kila karatasi kabla ya kutoa kopi. Siku moja nilikuwa nimeshapiga mhuri kurasa kumi na nne ndipo nikaona ya kumi na moja ni ya hemoglobini ya mama mwingine kabisa, ilipachikwa hapo na mtu aliyekuwa na haraka. Ningemkabidhi mtu siri ya mwenzake, na daktari wa mbele angetibu damu isiyo yake.

Hatua ya 4: Ada na deni

Nakala ni bure. Gharama ya karatasi na wino iombewe kwenye bajeti ya idara mapema, la sivyo utashangaa siku moja kukuta kuna "ada ya utafutaji" dirishani ambayo hakuna anayejua aliyeianzisha.

Na mgonjwa anayedaiwa? Deni lina njia zake za kudaiwa. Kanuni za kupata nakala hazikuweka sharti la kumaliza bili, na sera yenu isiliweke.

Hatua ya 5: Zungumza na madaktari kabla hawajakasirika

Watakuambia wagonjwa watasoma vibaya, wataogopa, watawajazia maswali. Mwaka 2010 hospitali tatu za Marekani, huko Boston, Pennsylvania na Seattle, zilijaribu jambo hili kwa mwaka mzima: madaktari 105 waliwafungulia wagonjwa zaidi ya 13,000 maandishi yao mtandaoni. Mwaka ulipokwisha, hakuna daktari hata mmoja aliyechagua kuacha. Hapa kwetu mfano tunao mkononi. Kijitabu cha Mama na Mtoto kinakaa nyumbani kwa mama, anakibeba kliniki hii hadi ile, na sijasikia uzazi umesimama kwa sababu hiyo.

Waombe kitu kimoja: uchunguzi wa mwisho na dawa viandikwe kwa maneno yanayosomeka. Kosa likipatikana lipigwe mstari mmoja, liandikwe sahihi pembeni, kwa tarehe na saini. Wino mweupe usionekane karibu na faili.

Hatua ya 6: Rejista na bango

Rejista ya mkono yatosha: tarehe ya ombi, namba ya mgonjwa, aliyeomba, tarehe ya kutoa, saini, na safu ya mwisho ya idadi ya siku. Safu hiyo ndiyo uisome kwa sauti kwenye kikao cha kila mwezi. Mwambie mkuu pia kwamba mgonjwa aliyenyimwa anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lalamiko huamuliwa ndani ya siku 90, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Husikiliza zaidi.

Bango liwe usawa wa macho ya aliyesimama foleni. Letu linasema:

"Una haki ya kupata nakala ya rekodi zako. Njoo na kitambulisho. Jaza fomu moja, usiyeandika utasaidiwa. Hulipi. Siku 7. Ukikwama, muulize afisa wa zamu."

Chini yake pana kibao cheusi kidogo, na jina la afisa wa zamu huandikwa hapo kwa chaki kila asubuhi.