SOMO: Kabla hujaweka pesa popote, hesabu kodi kwanza (kwa sisi wa Uganda)

Habari zenu ndugu zangu. Nimekuwa nikiona watu wengi, Kampala, Arua mpaka huku Busia mpakani, wanajinyima kweli kweli wanaweka akiba, lakini ikifika saa ya kuchagua mahali pa kuiweka wanaangalia namba moja tu, ile riba iliyoandikwa kwenye karatasi. Hiyo namba si yako yote. URA, mamlaka ya kodi, wanachukua chao kabla pesa haijafika mkononi mwako, na hawachukui sawa kila mahali. Kuna mahali ni 20%, kuna 15%, kuna 10%, na kuna mahali hawachukui kitu kabisa kwa sababu sheria yenyewe imesema hivyo. Kwa hiyo ukichagua ukiwa unajua, hujakwepa kodi ya mtu, umetumia tu haki yako.

HATUA YA 1. Maliza madeni mabaya. Kama una mkopo wa wale watu wa 10% kwa mwezi, lipa huo kwanza, hakuna bondi duniani itakulipa hivyo. Halafu weka pembeni pesa ya dharura, matumizi ya miezi mitatu hivi, mahali unaweza kuitoa haraka.

HATUA YA 2. Karatasi. Kitambulisho cha taifa, TIN ya URA, yaani namba ya mlipakodi (ni bure, usimlipe mtu wa intaneti kafe pesa nyingi eti anakutafutia), na akaunti ya benki. Ukitaka kununua dhamana za serikali (bili na bondi, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba) mwambie benki yako wakufungulie akaunti ya CSD pale Bank of Uganda. Ukitaka hisa, unafungua akaunti ya SCD ya soko la hisa, USE, kupitia dalali mwenye leseni. Hizi mbili watu wanazichanganya sana, CSD ni ya dhamana za serikali, SCD ni ya hisa.

HATUA YA 3. Hii ndiyo somo lenyewe, chukua kalamu. Tuseme una shilingi milioni 5. Viwango vya riba nitakavyotumia ni vya mfano tu, vinabadilika kila wakati, lakini asilimia za kodi ni za sheria.

Ukiweka fiksidi benki (amana unayoifunga kwa muda maalum) kwa 10%, mwaka unaisha na 500,000, wanakata kodi ya 15% yaani 75,000, unabaki na 425,000. Ukinunua bili ya hazina, mkopo wa muda mfupi kwa serikali, ya siku 364, tuseme inalipa 14%, faida ni 700,000 lakini hapo kodi ni 20%, inaenda 140,000, unabaki na 560,000. Sasa angalia bondi, yaani mkopo wa miaka mingi kwa serikali. Bondi ya miaka 2, 3 au 5 inakatwa hiyo hiyo 20%, lakini bondi ya miaka 10 na kuendelea inakatwa 10% tu. Kwa hiyo ikilipa 16% ni 800,000, toa 80,000, unabaki 720,000 kila mwaka, na inaingia kwa awamu mbili, kila miezi sita. Na hiyo kodi ya dhamana za serikali ni ya mwisho, ikishakatwa huulizwi tena juu ya hiyo riba.

Halafu kuna yuniti trasti, ile mifuko ya pamoja ambapo pesa za watu wengi zinawekezwa na meneja mmoja, kama ya UAP Old Mutual, ICEA au XENO. Mapato ya mfuko yanayogawiwa wanachama hayatozwi kodi ya mapato. Kwa hiyo wakisema 11% baada ya ada yao, milioni 5 yako inakupa 550,000 na zote ni zako. Sasa linganisha wewe mwenyewe: ili bili ya hazina ishinde mfuko wa 11%, lazima ilipe zaidi ya 13.75%, na fiksidi lazima ipite karibu 13%. Hii hesabu ni rahisi, unachukua 11 unagawanya kwa 0.80, ama kwa 0.85 kama ni fiksidi. Ifanye kila mara kabla hujasaini, hata meneja wa benki akikuharakisha.

Hisa nazo: gawio (faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa) la kampuni iliyoandikishwa USE kwa mtu binafsi linakatwa 10%, wakati gawio la kampuni ambayo haiko sokoni linakatwa 15%. Lakini hisa inapanda na kushuka, usiweke karo ya watoto huko. MTN ilipoingia sokoni iliuzwa shilingi 200 kwa hisa mwaka 2021, Airtel 100 mwaka 2023, waliokimbilia kwa kudhani itapanda wiki ile ile walichoka kungoja, hisa ni mambo ya miaka.

HATUA YA 4. Panga kwa muda, siyo kwa tamaa. Pesa ya mwaka huu ikae yuniti trasti, ya miaka miwili mitatu gawa kati ya mfuko na bili, ya uzeeni ndiyo iende bondi ndefu. Dhamana za serikali zinaanzia laki 1 tu, usiogope kwamba ni za matajiri. Zinauzwa kwa mnada, na mdogo kama sisi unaomba bila kutaja bei, unapewa bei ya wastani ya mnada.

HATUA YA 5. Angalia leseni. Mfuko wa pamoja na dalali wa hisa lazima wawe na leseni ya Capital Markets Authority, na orodha yao iko wazi. Mtu akikuahidi 30% kwa mwezi kimbia. Dunamiscoins, ile kampuni ya ahadi za faida kubwa, ilifunga milango Desemba 2019 na watu waliouza mpaka mashamba wakabaki wanalia, banange, sitaki kuona hiyo tena.

MASWALI YENU

*Mama wa duka Busia: nikichukua TIN si URA watanifuata dukani?*
Mama, TIN peke yake haikuletei kodi. Mauzo yako ya mwaka yakiwa chini ya milioni 10, ile kodi ya biashara ndogo haikugusi. Yakiwa kati ya milioni 10 na 30, bila vitabu vya hesabu unalipa 80,000 kwa mwaka, lakini ukiwa na rekodi unalipa 0.4% ya kile kinachozidi milioni 10. Yaani ukiuza milioni 18 na una daftari, unalipa 32,000 badala ya 80,000. Daftari la elfu mbili linakuokolea 48,000, nunua leo.

*Ndugu wa boda Jinja: mimi sina mshahara, NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni) inanihusu?*
Inakuhusu. Wenye mshahara wanakatwa 5% na mwajiri anaongeza 10%, lakini wewe unaweza kujiwekea kwa hiari kupitia SmartLife Flexi, inaanzia 5,000. Mwaka wa fedha 2024/25 NSSF walitoa riba ya 13.5% kwa wanachama. Usiahidiwe kwamba kila mwaka ni hivyo, 2022/23 ilikuwa 10%.

*Mimi ni Mwislamu, riba siitaki, nifanye nini?*
Hapo bondi, bili na fiksidi za kawaida ziache. Salaam Bank ilipata leseni 2023 kama benki kamili ya Kiislamu, waulize amana zao za kugawana faida. Hisa ni kumiliki biashara, lakini kampuni nyingine biashara yake yenyewe ni riba, kwa hiyo chagua kampuni pamoja na sheikh anayejua mambo ya fedha.

*Afande Bombo: nastaafu, nijenge mizigo (vyumba vya kupangisha) ama ninunue bondi?*
Afande, kodi ya URA kwenye pango la nyumba kwa mtu binafsi ni 12% ya pango linalozidi 2,820,000 kwa mwaka, na hawakutolei gharama yoyote, ukipaka rangi ni yako, paa likivuja ni lako. Vyumba vinne vya laki 1 na nusu ni milioni 7.2 kwa mwaka, toa 2,820,000, inabaki 4,380,000, kodi ni 525,600. Weka na chumba kikikaa tupu miezi miwili, halafu linganisha na bondi kwa mtaji ule ule, pamoja na bei ya kiwanja. Nyumba ina faida yake, kiwanja kinapanda na watoto wanabaki na kitu, lakini usiingize kiinua mgongo chote huko.

*Na nikihitaji pesa kabla bondi haijafika miaka 10?*
Unaiuza kupitia benki yako kwa mtu mwingine. Riba za sokoni zikiwa zimepanda tangu ununue, utauza kwa hasara kidogo, zikiwa zimeshuka utapata zaidi. Njia nyingine ni kuiweka bondi kama dhamana ya mkopo, kwa hiyo siku unafungua CSD waulize benki wanakopesha kiasi gani juu yake na ada yao ya kuuza ni ngapi.