Treki zote safi, video inapasuka: namna ya kuchanganya sauti za harusi

Video ya sendofu niliyohariri hapa Moshi ilirudi baada ya siku mbili. Mama mwenye shughuli alikuja nayo kwenye flashi: “Mwanangu, picha safi kabisa, ila matarumbeta yakiingia sauti inachana masikio.” Nikafungua mradi, nikasikiliza treki mojamoja. Matarumbeta safi, MC safi, vigelegele safi, wimbo safi. Zilikuwa zinapasuka zikikutana tu.

Mita ya sauti kwenye programu ya kuhariri ina dari moja, desibeli 0, na kila kilicho chini yake husomeka kwa hasi. Kinachovuka 0 kwenye faili la mwisho hukatwa, na mkato huo ndio mkwaruzo unaousikia.

Hatua ya 1: kagua kilichorekodiwa. Vuta karibu wimbi, ule mchoro wa sauti kwenye treki. Likiwa bapa juu kama ua wa michongoma uliotoka kukatwa, sauti ilishapasuka ukumbini. Ukiipunguza utapata mkwaruzo uleule, mdogo zaidi. Hapo tafuta chanzo kingine. Mimi siku hizi huacha kinasa kidogo kwenye meza ya wazazi, kwa sababu waya wa kutoka mikseri ya DJ huja salama saa moja jioni, ikifika saa nne kila kitu kimeshapandishwa.

Hatua ya 2: shusha kila treki mpaka vilele, yaani pale sauti inapofika juu kabisa, viwe -12. Fanya hivyo kabla ya kuchanganya chochote. Sauti mbili zinazolingana kabisa zikigongana huongeza desibeli 6. Zikiwa nne, huongeza 12. Kwa hiyo treki nne za -12, hata zikigongana vibaya kuliko zote, zinaishia kugusa 0. Treki nne za -3 zinaweza kufika +9. Kosa langu kwenye ile sendofu lilikuwa hilo: nilikuwa nimebonyeza kile kitufe kinachopandisha kila klipu hadi karibu na 0, nikafurahia mawimbi manene. Usikiguse.

Hatua ya 3: panga kwa kuanzia maneno. Zima treki nyingine zote, weka hotuba vilele vyake vicheze kati ya -12 na -9. Kata masafa ya chini ya hezi 80 kwenye treki za maneno. Mngurumo wa jenereta nyuma ya ukumbi huusikii kwenye spika za laptopu, lakini unakula nafasi kwenye mita.

Kisha leta wimbo wa chini ukiwa kimya, upandishe taratibu mpaka uusikie, halafu urudishe nyuma kidogo. Kwangu huangukia kwenye -24 hivi. Matarumbeta yanapoingia, zima wimbo kabisa. Tarumbeta na wimbo wa studio kwa pamoja ni fujo, hata mita isipowaka nyekundu.

Pale MC alipoita “Vigelegeleee!” juu ya matarumbeta, sikushusha video nzima. Niliweka vituo vinne (keyframe) kwenye mstari wa sauti ya matarumbeta, nikayashusha desibeli 5 kwa sekunde mbili, yakarudi. Hakuna aliyegundua.

Hatua ya 4: tazama masta, yaani njia ya mwisho ambamo treki zote hukutana. Cheza kipande chenye kelele kuliko vyote, siyo mwanzo wa video. Ikiwaka nyekundu, chagua treki zote uzishushe kwa kiasi kimoja. Programu za kuhariri kama DaVinci Resolve na Premiere Pro hupiga hesabu zake za ndani kwa biti 32 zenye nafasi kubwa, hivyo kilichovuka 0 humo bado kinaokoka ukikishusha kabla ya kutoa faili.

Hatua ya 5: limita, kifaa cha programu kinachozuia sauti isivuke dari uliyoiwekea, mwisho kabisa. Iweke kwenye masta, dari -1, kwa sababu kubana sauti kuwa AAC, muundo wa sauti unaotumika kwenye video nyingi, kunaweza kuinua vilele kidogo. Ukiona inabana zaidi ya desibeli 3 au 4 kila mara, rudi hatua ya 3. Wengi huiweka kwanza halafu wanasukuma kila kitu ndani yake; video inatoka imebanwa kama abiria wa Hiace ya jioni. Na ukiipandisha sana kwa ajili ya YouTube, wenyewe wanaishusha.

Toa dakika moja tu ya kile kipande chenye kelele, isikilize kwenye simu, kisha kwenye sabufa ya sebuleni. Ikiwa sawa kote, renda video nzima.