Ninunue ndogo au nisubirie kubwa? Jinsi ya kuzipima kamera mbili mwenyewe kabla hujatoa hela

Kila msimu wa send-off ukikaribia lazima kuna mtu ataniuliza, kaka hivi nichukue hii ndogo au nijibane nisubirie ile ya maprofesheno, afu hapohapo anafungua simu ananionyesha video ya Mzungu kasimama bustanini analinganisha picha za maua. Sasa maua yana shida gani bana, maua hayachezi, hayana MC wala taa za zambarau zinazozunguka. Pima kwa kazi yako wewe, na siku mbili zinatosha kabisa. Mimi nilipima Canon EOS R50, ndogo, ambayo ndio yangu, na EOS R6 Mark II, kubwa, ya kukodi, hapahapa Dodoma, ila utaratibu ni uleule hata kama wewe ni mtu wa Sony au Nikon.

Hizi mbili nilizichagua makusudi kwa sababu zote zina megapikseli 24.2, yaani nukta milioni 24.2 kwenye picha. Ndio, namba ileile. R6 Mark II ilitangazwa mwishoni mwa 2022, bodi peke yake bila lenzi dola 2,499 kule Marekani, na R50 ikaja mwanzoni mwa 2023 kwa dola 679. Yaani ukienda Kariakoo ukauliza megapikseli tu muuzaji atakujibu ukweli mtupu na bado utatoka dukani hujajua kitu.

Kabla hujaanza, weka mambo sawa, hapa ndio wengi wanaharibu. Tumia lenzi moja kwenye bodi zote mbili, na iwe lenzi ya fulu fremu, yaani iliyotengenezwa kwa senso kubwa (senso ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga). Mimi nilitumia RF 50mm f/1.8, ile ndogo ya bei nafuu. Ukichukua lenzi ya RF-S, ya senso ndogo, iliyokuja na R50 ukaifunga kwenye R6 Mark II, kamera yenyewe inakata kingo za picha na unabaki na megapikseli kama 9 hivi, afu unaenda kutangaza mtaani kwamba kamera kubwa haina lolote, kumbe umeifunga miguu ukaiambia ikimbie. Pili, senso ya R50 ni ndogo, kwahiyo hiyo 50mm inavuta kama 80mm, maana unazidisha kwa 1.6. Kama kwenye kubwa umesimama mita mbili kutoka kwa mtu, kwenye ndogo rudi nyuma mita tatu na kidogo ili awe na ukubwa uleule kwenye fremu. Weka zote kwenye RAW (faili ghafi la picha), shata moja (muda wa kupokea mwanga), ISO moja (namba ya kamera kuongeza mwanga wa picha), na rangi usiiache otomatiki, weka namba moja kwa zote. Uwe na kadaftari pia, usiniambie utakumbuka.

Anza na mchana. Nilienda Nyerere Square saa nne asubuhi na binamu yangu kavaa shati jeupe, na jua la Dodoma mnalijua, halina aibu. Nikapiga picha ishirini ishirini kila kamera, nikachagua tano tano, nikasafisha zile picha kwa njia moja bila kupendelea upande, halafu nikaziprinti bila kuandika ipi ni ya ipi. Nikampelekea mama mmoja anayeuza chai na chapati karibu na ninapokaa. Akafuta mikono, akazipanga juu ya meza, akaziangalia weee, mwisho akaniambia, "Mwanangu, huyu kijana hapa kapendeza, hapa kakunja uso." Basi. Hakuona kamera, aliona uso. Na mimi mwenyewe nilizichanganya mbili, ikabidi nirudi kwenye laptopu kuhakikisha. Kwahiyo kama kazi zako ni za mchana, picha za nje, bidhaa za watu, mizabibu ya Hombolo, mahafali ya shule saa tano asubuhi uwanjani, kipimo chako kimeishia hapo na hela yako imepona. Sikutanii.

Usiku ndio kuna maneno.

Omba ruhusa kwa mwenye shughuli, au nenda kama msaidizi wa mtu, ila usije ukafanyia majaribio kwenye shughuli uliyolipwa peke yako. Mimi niliingia na kaka mmoja aliyekuwa na kazi ya send-off ukumbi wa huku Kisasa, yeye anapiga za kazi, mimi napima pembeni. Biharusi anaingia na mpambe wake wanacheza taratibu, taa kuu zimezimwa, zimebaki za rangi. Hapo weka f/1.8, yaani tundu la lenzi wazi kabisa, shata 1/200 maana watu wanatembea, afu panda ISO: 1600, 3200, 6400, 12800, kwenye kamera zote. Ukifika nyumbani usiangalie picha nzima, vuta mpaka kwenye shavu na kwenye nywele. Senso ya R6 Mark II ina eneo kama mara mbili na nusu ya ile ya R50, kwahiyo inakusanya mwanga zaidi, na kwa hesabu ya kawaida uchafu, zile chembechembe, unaouona kwenye ndogo ukiwa ISO 3200 utauona kwenye kubwa ukiwa kama 8000. Kwangu ilikuja hivyohivyo karibu. Kwenye ndogo 6400 bado inauzika ukiisafisha, 12800 nywele zinaanza kuwa kama zimepakwa rangi kwa brashi. Kwenye kubwa 12800 niliprinti na hakuna aliyelalamika.

Usidanganyike na stabilaiza lakini, ile inayozuia mtikisiko wa mkono. R6 Mark II inayo ndani ya bodi, R50 haina, inategemea lenzi, na hiyo 50mm nayo haina. Jaribu kupiga mapambo ya meza kuu kwa 1/15 mkono mtupu, kubwa itatoa picha kali na ndogo itatikisika, tofauti unaiona bila miwani. Ila shangazi anayecheza haisaidii kitu, stabilaiza inatuliza mkono wako, shangazi haimtulizi.

Kingine cha kupima humohumo ukumbini ni shata ya kimya, yaani ya kielektroniki, isiyotumia pazia. Piga picha chini ya taa za LED ukiwa kwenye shata ya kielektroniki na uangalie ukuta, ukiona mistari mistari ya giza kama khanga basi jua hiyo modi ukumbini uiache. Inatokea kwa zote mbili, kwahiyo kubwa haikuokoi hapo. Tofauti ni kwamba kubwa ina shata kamili ya mitambo, ndogo yenyewe inaanza kwa elektroniki na kumalizia na pazia, ambayo kwa kazi nyingi za ukumbini iko sawa tu.

Afu pima pumzi. Wakati wa kukata ndafu au shampeni inafunguliwa, bonyeza usiachie. R50 ukiwa kwenye RAW hazifiki hata picha kumi inaanza kusitasita, inasubiri kuandika kwenye kadi. R6 Mark II inapita hamsini inaendelea. Nikuambie ukweli, kwangu hili halikunibadilisha sana, maana nimezoea kubonyeza mara tatu naacha, na anayepiga picha mia za kizibo kimoja ndiye atakayekaa kuzichagua mpaka alfajiri. Ila kama unapiga mpira pale Uwanja wa Jamhuri, hapo uamuzi umeshafanyika, usinisikilize mimi.

Flashi sasa. Hapa nenda dukani na flashi yako mwenyewe mkononi, usikubali maneno. R50 sehemu yake ya juu ya kufungia flashi haina zile pini za kizamani, ina za aina mpya kwa mbele, kwahiyo flashi nyingi za zamani na triga (vifaa vya kuwasha flashi kwa mbali) za kampuni nyingine ukizichomeka zinakaa vizuri lakini haziwaki, mpaka ununue adapta ya AD-E1. R6 Mark II inapokea zote. Kama tayari una flashi mbili na triga zake, hiyo adapta iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Na kadi. Hili nitalisema kwa kirefu kidogo kwa sababu limeniuma. R6 Mark II ina nafasi mbili za SD, ukiipangia kila picha inaandikwa sehemu mbili. R50 ina moja. Mwaka mmoja kadi ilinifia katikati ya kipaimara, niliinunua mwenyewe kwa bei ya kutupa, kwahiyo kosa ni langu. Picha kama mia mbili zikapona kwa programu, nyingine zikaenda. Mama mwenye mtoto akanipigia, nikaanza na shikamoo ya sauti ya chini, akaitikia marahaba, akauliza, "Baba, mbona bibi yake haonekani? Katoka Kondoa na basi kwa ajili ya siku hiyo." Sikuwa na jibu. Nilirudisha nusu ya hela na bado nikipita mtaa ule naangalia upande mwingine. Hakuna kipimo cha hili, we chukua daftari uandike ni kazi ngapi kwa mwaka ambazo haziwezi kurudiwa. Ukibaki na kadi moja, nunua za maana, badilisha katikati ya shughuli, ili ikifa moja usipoteze siku nzima.

Vumbi la kwetu nalo ni mtihani, hasa kiangazi upepo ukianza. R50 haina kinga ya vumbi na maji, na ukitoa lenzi senso inabaki wazi. R6 Mark II ina kinga na unaweza kuiweka ifunge pazia ukiizima. Kupima: piga anga la bluu kwa f/16 asubuhi, piga tena jioni baada ya kazi, hesabu madoa. Mwenye ndogo abadilishie lenzi ndani ya gari au chini ya koti, bodi ikiangalia chini. Uzito ni gramu 375 kwa 670, na utausikia kwenye saa ya tano ya shughuli, hapo ndogo ndio inacheka. Video fupi tu: ndogo inaishia 4K ya fremu 30 na haina tundu la hedifoni, kubwa inafika 60 na tundu lipo.

Baada ya hapo hesabu picha zilizoharibika kwa sababu ya kamera, zile ulizochelewa wewe kubonyeza usizihesabu. Mimi kwenye ndogo nilipata kumi na nne, kubwa tatu, zote za usiku. Tofauti ya bei ya bodi zilipotoka ni dola 1,820, na hiyo 50mm ilitoka kwa dola 199. Kwahiyo nilinunua lenzi kwanza, betri mbili za ziada na kadi nzuri, na R50 imebaki kuwa ya kwangu. Kazi za ukumbini usiku nakodi kubwa na gharama naiweka kwenye bei ya mteja. Ukitaka kukodi kwa ajili ya mahafali ya vyuo mwishoni mwa mwaka wahi mapema, na ukishaipokea kagua kioo, betri na nafasi zote mbili za kadi mbele ya mwenye nayo, piga na picha ya kila mkwaruzo kwa simu yako.